Jinsi ya kuandika programu inayogeuza namba kuwa maneno ya Kiingereza

Wakuu, kama umewahi kujaza vocha ya malipo kwenye ofisi yoyote hapa Dodoma unaijua ile sehemu ya chini inayotaka kiasi kwa maneno, yaani umeshaandika 3,485,750 vizuri kabisa halafu unaanza kukuna kichwa, three million four hundred and eighty nini sijui. Wahasibu wa kule mji wa serikali Mtumba, makatibu wa saccos, vijana wa stationery pale Majengo wanaochapia watu invoisi, wote wanapambana na hii kitu kila siku ya Mungu. Na wala haijawekwa kwa urembo, tarakimu ni rahisi sana kuchezea, mtu anachomeka ziro moja mwishoni mwa 45,000 inakuwa laki nne na nusu, lakini forty-five thousand ukitaka kuibadilisha lazima ufute na watu waone. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hundi na hati za namna hiyo inasema wazi kwamba tarakimu na maneno vikipishana kinachohesabika ni maneno, so ukikosea maneno ndo umekosea pesa yenyewe.

Sasa cha kushangaza Excel yenyewe, pamoja na mafomula yake yote yale, haina ya kugeuza namba kuwa Kiingereza. Ina BAHTTEXT ambayo inaandika namba kwa Kithai na kumalizia na jina la pesa ya Thailand, ukiijaribu kwenye kompyuta yako utacheka, ila ya Kiingereza hakuna. Kwa wanaotumia Python, ile lugha ya kuandikia programu, ipo maktaba (kodi iliyokwisha andikwa na wengine) inaitwa num2words, unaidaunilodi kwa amri ya pip install num2words na kazi imeisha, na kama una haraka tumia hiyo tu wala usijione mvivu. Lakini mi nashauri uandike ya kwako angalau mara moja, kwanza ni fupi, pili utaweza kuibadilisha inavyotaka ofisi yako, tatu ukishaielewa kwenye Python unaweza kuihamishia Excel, PHP, popote.

Huna laptopu? Usijali, weka app ya Pydroid 3, inayoendesha Python, kwenye simu ya Android, ukishaidaunilodi inafanya kazi bila bando. Kila nilichoandika hapa kinaenda kwenye simu, shida itakuwa vidole tu.

Kabla ya kuandika kodi angalia kwanza Kiingereza kinavyohesabu. Kuanzia zero mpaka nineteen kila namba ina jina lake, hakuna fomula hapo, thirteen na fifteen zimepindapinda zenyewe tu, kwa hiyo hizo ishirini unaziandika zote kwenye listi. Kuanzia twenty unahitaji majina ya makumi tu, manane, kisha unaunga na kistari, twenty-one, ninety-nine. Halafu hundred. Halafu zile ngazi za thousand, million, billion, trillion. Basi, msamiati wote wa namba mpaka trilioni ni maneno thelathini na kitu, kompyuta inatakiwa kuyapanga tu.

Na siri ya kuyapanga iko kwenye zile koma. 3,485,750 ina makundi matatu, la 3, la 485 na la 750, na kila kundi linasomwa kwa staili ileile kama namba isiyofika elfu moja, kinachobadilika ni neno linalofuata nyuma yake. Ni kama mabehewa ya SGR, ndani siti ni zilezile, kilichobadilika ni namba iliyobandikwa nje. Kwa hiyo kazi nzima ni fanksheni moja (kipande cha kodi chenye jina, unakipa namba kinakurudishia jibu) inayojua kusoma 1 mpaka 999, ukiipatia hiyo umemaliza asilimia kubwa. Watu wengi wanaochemka ni kwa sababu wanaanza kuandika if ya makumi elfu, if ya malaki, if ya mamilioni, mpaka kodi inafika mistari mia tatu na bado 1,000,010 inawashinda.

Tuanze na listi. Mi huwa naandika maneno yote kwenye mstari mmoja kisha naikata kwa split, inaokoa kuandika alama za nukuu ishirini ishirini:

```
ndogo = "zero one two three four five six seven eight nine ten eleven twelve thirteen fourteen fifteen sixteen seventeen eighteen nineteen".split()
makumi = "- - twenty thirty forty fifty sixty seventy eighty ninety".split()
ngazi = ",thousand,million,billion,trillion".split(",")
```

Angalia forty, haina u. Fourteen inayo, forty haina, na hapa ndo vocha nyingi zinachafuka. Vile vistari viwili mwanzoni mwa makumi ni vya kujazia nafasi ya 0 na ya 1, ili twenty ikae nafasi ya 2, thirty ya 3 na kuendelea. Kwenye ngazi nimeanza na koma makusudi ili ya kwanza iwe tupu, maana kundi la mwisho kabisa halina neno nyuma yake.

Sasa ile fanksheni yenyewe:

```
def tatu(n):
    maneno = ""
    mia, baki = divmod(n, 100)
    if mia:
        maneno = ndogo[mia] + " hundred"
        if baki:
            maneno += " and "
    if baki >= 20:
        kumi, moja = divmod(baki, 10)
        maneno += makumi[kumi]
        if moja:
            maneno += "-" + ndogo[moja]
    elif baki:
        maneno += ndogo[baki]
    return maneno
```

divmod inakupa vitu viwili kwa mpigo, jibu la kugawanya na kinachobaki. Ukiipa 485 ugawe kwa 100 unapata 4 na 85, ya 4 inakwenda kuchukua four kwenye listi na kuongezewa hundred, ile 85 inagawanywa tena kwa 10 unapata 8 na 5, eighty, kistari, five. Inatoka four hundred and eighty-five. Ukiipa 700 baki ni ziro kwa hiyo inaishia seven hundred, haiongezi and wala zero. Ukiipa 13 haina mia, haifiki ishirini, inakwenda moja kwa moja kwenye listi ndogo. Ipitie kwa kalamu na karatasi na namba tatu nne za kwako kabla ya kusonga mbele, ukiielewa hii kilichobaki ni mteremko.

Fanksheni ya pili inakata namba kubwa vipande vya tatu tatu kuanzia kulia:

```
def andika(n):
    if n == 0:
        return "zero"
    if n < 0:
        return "minus " + andika(-n)
    if n >= 10**15:
        raise ValueError("namba kubwa mno")
    mwisho = n % 1000
    vipande = []
    i = 0
    while n:
        n, kundi = divmod(n, 1000)
        if kundi:
            vipande.insert(0, (tatu(kundi) + " " + ngazi[i]).strip())
        i += 1
    if len(vipande) > 1 and 0 < mwisho < 100:
        vipande[-1] = "and " + vipande[-1]
    return " ".join(vipande)
```

Lupu, yaani ile while inayojirudia, inakula namba kutoka kulia. 3,485,750 inang'atwa 750 kwanza, inabaki 3485, inang'atwa 485, inabaki 3, inang'atwa na hiyo, inabaki ziro na lupu inasimama. Kwa kuwa tumeanzia kulia na tunasoma kutoka kushoto, kila kipande kinachomekwa mwanzoni mwa listi, ndo kazi ya insert nafasi ya 0.

Ile if kundi msiifute hata kama inaonekana haina maana. Bila hiyo 1,000,000 inakuandikia one million thousand, kwa sababu kundi la maelfu ni 000 na halina neno lakini ngazi yake ya thousand inabandikwa hivyohivyo. Hii bagi, yaani kosa la kodi, nimeiona kwenye programu za risiti zinazouzwa kwa hela kabisa.

Halafu ile mistari miwili ya and kule mwisho. Sisi hapa tumeshika Kiingereza cha Uingereza, tunaandika one hundred and five na pia one thousand and five, na hii ya pili haitoki kwenye ile fanksheni tatu(n) maana 5 yenyewe haina mia. Kwa hiyo inabidi uangalie kundi la mwisho, kama lipo na halifiki 100 na kuna kitu mbele yake, unachomeka and. Wamarekani wengi wanaruka and yote, wanasema one hundred five, kwa hiyo ukikopi kodi ya Mmarekani na kuipesti kwenye vocha usishangae bosi akikurudishia na kalamu nyekundu. Ile num2words kwa Kiingereza cha kawaida inaweka and, ila inaweka na koma kati ya makundi, ambazo ofisi nyingine hazitaki.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona ndo kigumu kuliko kugeuza namba yenyewe, nacho ni namba jinsi watu wanavyoiandika. Mkulima wa zabibu kutoka Hombolo anakuletea karatasi imeandikwa 25,000/=, mwingine Tsh 25000, mwingine 25,000/-, na ofisini faili la Excel linakuja na 25,000.00. Mtu anasema rahisi tu, nachukua tarakimu zote nafuta kingine chochote. Haya fanya hivyo kwenye ile ya mwisho uone, inakuwa 2500000, umemlipa milioni mbili na nusu kwa mzigo wa elfu ishirini na tano. Kata kwenye nukta kwanza, ndo usafishe:

```
def safisha(maandishi):
    zima, nukta, senti = maandishi.partition(".")
    zima = "".join(c for c in zima if c.isdigit())
    senti = "".join(c for c in senti if c.isdigit())
    return int(zima or "0"), int((senti + "00")[:2])
```

Ukiipa 25,000.00 inarudisha 25000 na 0. Ukiipa 19.5 inarudisha 19 na 50, maana nusu dola ni senti hamsini na siyo tano, ile "00" iliyoongezwa ndo inayofanya hivyo. Kumbuka tu kwamba inatupa alama ya kutoa, na mtu akiandika Tsh. yenye nukta mbele ya namba itakatika pabaya, kwa hiyo Tsh. ifute mapema kwa replace.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisizidishe kwa mia tu nipate senti, mbona hesabu ni ileile. Fungua Python andika int(19.99 * 100) ubonyeze enta. Inatoka 1998. Senti moja imeyeyuka, na programu haijagoma wala kukuambia kitu. Ni kwa sababu kompyuta inahifadhi namba za desimali kwa mfumo wa mbili mbili, 19.99 haikai kamili humo, inazidishwa inakuwa 1998.9999999999998 na int inakata mkia wote. Kwa shilingi zetu senti hazionekani tena kwa hiyo wengi hawaumii, lakini mwenye gesti anayepokea dola au mwenye mkataba wa mradi wa wafadhili atakutafuta. Pesa ishike kama maandishi au namba kamili, desimali usiziguse.

Kuunganisha sasa:

```
def hundi(maandishi):
    pesa, senti = safisha(maandishi)
    jibu = "Tanzania shillings " + andika(pesa)
    if senti:
        jibu += " and " + andika(senti) + (" cent" if senti == 1 else " cents")
    return jibu + " only"

print(hundi("3,485,750/="))
```

Inatoka Tanzania shillings three million four hundred and eighty-five thousand seven hundred and fifty only. Kama ni dola badilisha jina la pesa, na ukumbuke one dollar haina s.

Kujaribu. Watu wanajaribu na 1234 wakiona imekubali wanafunga laptopu. 1234 haina shida yoyote ile, namba zinazozingua ni zenye maziro na zile za mipakani. Jaribu 0, 10, 11, 19, 20, 21, 100, 101, 110, 1000, 1001, 1100, 100000, 1000000, 1000010, 1001000. Zisome zote kwa sauti, sikio linashika kosa ambalo jicho limeliruka.

Na kuna mtego mmoja mtamu. Andika maneno ya 1 mpaka 1000, hesabu herufi zote bila nafasi na bila vistari:

```
print(sum(len(andika(i).replace(" ", "").replace("-", "")) for i in range(1, 1001)))
```

Jibu sahihi ni 21124. Ukipata hiyo lala usingizi, spelingi zako za mpaka elfu zina urefu unaotakiwa. Ukipata 21224, zimezidi mia kamili, basi umeandika fourty yenye u, maana forty inatokea mara mia kwenye hizo namba elfu. Ukipata 18451 umesahau and zote za baada ya hundred, ziko 891 na kila moja ina herufi tatu, piga mwenyewe utaona. Haikamati herufi zilizobadilishana nafasi, kama umeandika fuor idadi ni ileile, kwa hiyo listi ya juu ipitie kwa macho hata hivyo.

Lakini usiitumie kwa kila kitu chenye tarakimu. Mwaka 1973, ule ulioamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, programu itauandika one thousand nine hundred and seventy-three na hakuna Mwingereza anayesoma mwaka hivyo, wanasema nineteen seventy-three. Namba za simu ndo kabisa, ukiigeuza 026 ya simu za mezani za huku kuwa namba kamili ile ziro ya mbele inapotea inabaki 26. Kontroli namba hivyohivyo, zile ni alama za utambulisho, ziache zibaki maandishi.

Kwa Kiswahili? Inawezekana, lakini usidhani ni kubadilisha listi tu. Sisi tuna laki, ambayo haikai kwenye makundi ya tatu tatu, halafu ngazi inakaa mbele ya namba yake, so elfu ishirini na tano mmoja anasoma 25,000 na mwingine anaweza kubishana kwamba ni 20,005. Kwenye maongezi sokoni Kibaigwa hakuna anayebabaika maana bei ya gunia wote mnaijua, kwenye hundi ni ugomvi. Ukiitengeneza, amua mapema utatofautisha vipi hizo mbili na uwaandikie wanaoitumia.

Mwisho Excel, kwa sababu najua wengi ndo mnachotaka. Bonyeza Alt na F11, weka Module mpya, andika mantiki hiihii kwa VBA, lugha ya kuandikia makro (programu ndogo za ndani ya Excel), kisha save kama .xlsm, ukisave .xlsx makro zote zinafutika. Microsoft wenyewe wana makro yao waliyoitoa inaitwa SpellNumber, inafanya kazi vizuri ila inaandika Dollars na Cents, ingia ndani ubadilishe hayo maneno. Ukiitengeneza mwenyewe angalia sana aina ya namba, Integer ya VBA inaishia 32,767 tu, Long inaishia 2,147,483,647, na hata ukitangaza Double, aina inayobeba namba kubwa zaidi, ile Mod yake ya kutafuta kinachobaki ukigawanya inagoma ukivuka hapo. Kwa shilingi, bajeti ya halmashauri inavuka bilioni mbili asubuhi na mapema. Dawa yake ni kugeuza namba kuwa maandishi kwa Format na kukata herufi tatu tatu za kulia kwa Right, hutahitaji Mod kabisa. Na ukimtumia mwenzako hilo faili kwa imeili au WhatsApp, siku hizi Excel inazuia makro za faili lililotoka mtandaoni, mwambie alisave kwanza, aende Properties, atiki Unblock, ndo alifungue. Ile seli yenye tarakimu iache kama ilivyo, maneno yakae seli ya pembeni na fomula yake, ili tarakimu zikibadilika na maneno yabadilike, na baada ya only kwenye hundi iliyoprintiwa piga mstari mpaka ukingoni mtu asipate pa kuongezea.